Mchoro uliomeza wadhamini wetu

Nilikuwa tayari kuwapa nyota nne wenye programu hii ya kulipia, inayosoma hifadhidata (taarifa zilizopangwa kwenye majedwali ya kompyuta) na kuichorea mchoro wa majedwali na mistari inayoyaunganisha. Rangi zinapendeza, majedwali yanajipanga yenyewe bila kupandana, na hata kwa intaneti ya kusuasua hapa Kisumu mchoro ulifunguka haraka. Sifa zao ziishie hapo.

Hifadhidata ni ya chama cha akiba na mikopo cha wachuuzi wa soko la Kibuye. Mkopo hautoki bila mdhamini, na mdhamini lazima awe mwanachama. Kwa hiyo jedwali la mikopo lina funguo mbili za kigeni, yaani safu zinazoelekeza kwenye jedwali jingine, zote zikielekea jedwali la wanachama: mmoja wa mkopaji, mwingine wa mdhamini. Programu ikachora mstari mmoja tu. Ule wa mdhamini ikaumeza bila hata onyo. Na ufunguo upo! Jaribu kumfuta mwanachama aliyemdhamini mwenzake uone MySQL, programu inayotunza hifadhidata yetu, itakavyokukatalia.

Mweka hazina, mama ambaye hajawahi kuandika programu maishani, aliitazama karatasi yenye ule mchoro mbele ya kamati nzima akaniuliza, "Mwanangu, na wadhamini wako wapi?" Watu hawa wanawekeana dhamana kwa jasho la omena na nyanya. Ningemwambia nini?

Nikaandikia huduma kwa wateja, nikaambatisha picha na amri zilizounda majedwali. Nikajibiwa kwamba hifadhidata yangu imepangwa vibaya, na kama nataka mistari zaidi nipande kifurushi. Imepangwa vibaya! Peter Chen mwenyewe, kwenye makala yake ya 1976 iliyoanzisha michoro hii, aliunganisha mfanyakazi na mradi mara mbili: anayeufanyia kazi na anayeusimamia. Jambo la miaka yote hiyo, leo niambiwe nililipie zaidi?

Nikafungua DBeaver, programu nyingine ya hifadhidata, ile ya bure. Mistari yote miwili ikatokea papo hapo. Visanduku vyake havivutii na unavipanga kwa mkono hadi kidole kiume, lakini mchoro wake haudanganyi.

Labda mwenye majedwali matatu ya duka la simu hawa jamaa watamfaa. Hapana, hata yeye asijaribu. Siku akiongeza la nne, atajuaje kilichomezwa? Mchoro usio na mstari ni afadhali, angalau unajua haujakamilika. Nyota moja, na hiyo ni kwa sababu fomu hainiruhusu kuweka sufuri.

Na kama mnasoma hapa, rudisheni pesa za chama.