Draiva ya exFAT kwenye Linux: inajua lini diski iko safi?

Kadi za SDXC, yaani zile zinazozidi GB 32 hadi TB 2, hutumia exFAT, mfumo wa kupanga faili kwenye diski, kwa mujibu wa kanuni za SD zenyewe, na diski nyingi za nje hutoka dukani zikiwa nayo tayari. Tatizo ni kwamba exFAT haina jenali, yaani daftari la kazi zinazoendelea, kama ya ext4, mfumo wa faili unaotumika sana kwenye Linux. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kinachobaki kuieleza kompyuta kuwa kuna shughuli iliyoachwa njiani ni biti moja tu. Ndiyo maana draiva ya mfumo huu, yaani programu inayouendesha, ipimwe kwanza kwa namna inavyoitunza biti hiyo, kabla hata ya kuzungumzia kasi. Hapa tunaipima ile iliyotoka Samsung na kuingia kwenye kerneli (kiini cha Linux) 5.7 mwaka 2020.

Biti yenyewe inaitwa VolumeDirty: ikiwa 1 diski ni chafu, yaani kuna kazi ambayo haijakamilika, na ikiwa 0 ni safi. Inakaa kwenye sekta ya kwanza ya patisheni, katika baiti mbili zinazoanzia nafasi ya 106. Baiti hizo haziingizwi kwenye hesabu ya uhakiki ya sekta za kuwashia, kwa hiyo zinaweza kubadilishwa mara nyingi bila hesabu hiyo kuandikwa upya.

Waraka wa exFAT ambao Microsoft iliuweka hadharani mwaka 2019 unapendekeza mpangilio ulio wazi. Unapotengeneza faili, VolumeDirty inawekwa 1 kwanza, kisha inasahihishwa FAT (jedwali linalounganisha klasta, yaani mafungu ya nafasi ya diski, za faili moja), halafu ramani ya klasta (inayoonyesha zipi zimechukuliwa), halafu kiingilio cha saraka (rekodi yenye jina la faili). Mwisho kabisa biti inarudishwa 0, ila kwa sharti kwamba ilikuwa 0 kabla ya kazi kuanza. Unapofuta, kiingilio cha saraka ndicho kinachotangulia, na FAT na ramani hufuata. Sababu yake ni nzito: kazi ikikatika popote, hasara huwa ni klasta zinazohesabiwa kuwa na mwenyewe kumbe hazina. Nafasi inapungua, lakini klasta moja haigawiwi kwa faili mbili.

Draiva inaishika kanuni hii vizuri. Inaiwasha biti kabla ya kugusa muundo, na inaisukuma hadi kwenye diski yenyewe badala ya kuiacha kwenye kashe, yaani kumbukumbu ya muda. Inaizima wakati wa `sync` (amri ya kuandika vyote vinavyongoja) au `umount` (amri ya kuitoa diski), baada ya kusubiri bloku zote zilizokuwa zinangoja ziandikwe. Linganisha na draiva ya vfat, inayohudumia FAT32, ambayo huweka alama ya uchafu mara tu diski inapomauntiwa (inapounganishwa ili itumike) kwa kuandika na kuiondoa wakati wa `umount` tu. Flashi ya FAT32 iliyochomekwa kutwa nzima bila kuandikiwa chochote, ikichomolewa ghafla, itasomeka chafu. Ya exFAT itabaki safi, na hiyo ndiyo hali yake halisi. Kwa hili exFAT inastahili alama za juu.

Wengi huchanganywa na jambo moja. Umenakili video, taa ya diski imetulia, unachomoa, na bado diski inasomeka chafu. Kerneli huandika data polepole kwa nyuma, lakini uandishi huo hauizimi biti. Hata `fsync`, yaani ombi la kuandika faili moja hadi kwenye diski, haiizimi, na ni sawa isiizime, kwani faili nyingine huenda bado zinasubiri. Kinyume chake pia kipo: biti ikiwa 0 maana yake ni kwamba muundo umekamilika, si kwamba kila ulichoandika kimefika. Faili iliyoandikwa upya ndani kwa ndani bila kubadilika ukubwa inaweza kuwa bado iko kwenye RAM huku biti ikisoma 0. Kwa hiyo usiichomoe diski kwa kutazama taa. Fanya `umount` na usubiri amri imalizike.

Tangu kerneli 5.9, draiva ikiikuta diski ni chafu wakati wa kumaunti, huiacha chafu hata ukiitoa kwa utaratibu. Kuna wanaodhani hii ni hitilafu. Hapana, hapa ndipo draiva inapofanya kazi yake kwa uaminifu: kuifunga diski vizuri leo hakutengenezi kilichoharibika jana, na anayepaswa kuitangaza safi ni aliyeikagua.

Kasoro kubwa ipo hapo hapo. Diski chafu inamauntiwa kwa kuandika kama kawaida, na onyo linaishia kwenye `dmesg`, orodha ya ujumbe wa kerneli, mahali ambapo mtu wa kawaida hafiki. Draiva ya ntfs3, inayohudumia diski za NTFS za Windows, hukataa kumaunti diski chafu kwa kuandika mpaka uilazimishe kwa `force`. Tungependa exFAT nayo iwe na ukali huo, angalau kama chaguo, kwa sababu kuandika juu ya ramani ya klasta yenye makosa ndiko kunakogeuza kosa dogo kuwa faili zilizoingiliana.

Mpaka hapo, kagua mwenyewe. Kama patisheni yako ni `sdb1`:

`sudo xxd -s 106 -l 2 -p /dev/sdb1`

Jibu la `0000` ni safi, `0200` ni chafu. Ikiwa chafu, ifanyie `umount`, kisha endesha `sudo fsck.exfat -n /dev/sdb1`, inayotazama bila kubadilisha kitu. Ukiridhika na inachotaka kurekebisha, rudia kwa `-y`. Programu hii, iliyomo kwenye kifurushi cha exfatprogs, ndiyo inayoizima biti baada ya ukaguzi kufaulu. Ikirudisha namba 1, makosa yamerekebishwa. Ikirudisha 4, yapo yaliyobaki, usiiandikie bado.

Ukiona `0400` au `0600`, biti ya MediaFailure imewaka: diski yenyewe iliwahi kushindwa kusoma au kuandika. Hapo usianze na ukarabati. Imaunti kwa kusoma tu, `mount -o ro`, na uhamishe kila unachokihitaji kwanza.