Mafundi wa kung'oa kapeti la gundi pale Mwenge, nawapa nne kati ya tano

Nyota moja nimekata kwa sababu ya vumbi, nitaeleza. Kazi ilikuwa ofisi ya zamani Kijitonyama tunayoigeuza duka la mama, kapeti lile gumu la maofisini limepigwa gundi moja kwa moja kwenye zege, na kwa unyevu huu wa Dar lilishaanza kunuka uvundo. Fundi wa kwanza alitupa bei ya chini, eti ananyofoa tu fasta anaondoka. Huyu mkubwa wa Mwenge alipokuja hata hakuliongelea kapeti, alichana kona akachungulia gundi ina rangi gani, hapo hapo nikajua huyu ndo wa kumpa kazi, maana kapeti yeyote anang'oa jamani, shughuli ni ile gundi inayobaki.

Na rangi anaangalia kwa sababu, gundi nyeusi kama lami kwenye jengo la zamani inaweza kuwa na asbesto, yale madini ya nyuzi ambayo vumbi lake ukilivuta linaleta saratani ya mapafu, hiyo huikwangui kavu wala hupigi grinda. Yetu ilikuwa ya njano njano wakaendelea.

Walikata kapeti mistari mirefu yenye upana kama futi moja na nusu hivi, mmoja anavuta mwingine anasukuma skrepa ya mpini mrefu kwa chini, wanakunja wanatoa nje. Gundi wakaimwagia maji ya moto wakafunika na mataulo mpaka ikalainika, wakakwangua, palipogoma ndo wakapiga grinda ya diski ya almasi. Kaka alitaka watumie petroli iishe haraka wakakataa katakata, na nawaheshimu kwa hilo, mvuke wake ukijaa chumbani cheche ya swichi tu inatosha kuwasha moto.

Kilichonifurahisha zaidi ni mwisho. Walibandika kipande cha nailoni kwenye zege, selotepu pande zote, kesho yake tukakuta matone kwa chini. Wakasema msitandike kapeti la plastiki saivi, unyevu utanasa chini na gundi itaachia, subirini zege likauke. Wangeweza kukaa kimya wakachukua hela yao.

Sasa vumbi. Grinda waliipiga bila mashine ya kufyonza, saluni ya jirani ikajaa unga, na kijana mmoja alijifunga kitambaa tu puani wakati vumbi la zege lina silika, linaua mapafu taratibu. Nilisema wakaleta barakoa, ila ilitakiwa waje nazo.

Bei yao ni kwa skwea mita, imezidi ya yule wa kwanza lakini kutoa gundi kumo ndani. Kubeba kapeti kuukuu hakumo, ulizeni bei ya kirikuu kabla hawajaanza, na waambieni waje na mashine ya vumbi.