Kasha la rangi za maji na za mafuta: miezi minne ya kuchora matunda Mwanza

Kasha hili nililiagiza mwezi wa tano kwa muuzaji wa Dar es Salaam anayetangaza kwenye simu. Shilingi 85,000, na 7,000 juu yake za kulisafirisha kwa basi. Nikalifuata mwenyewe stendi ya Nyegezi, nikapanda nalo bodaboda nimelikumbatia kama mtoto. Ndani kulikuwa na rangi za maji 12, tyubu 12 za rangi za mafuta zenye mililita 12 kila moja, brashi kumi, karatasi 20 zilizofungwa pamoja, vibao viwili vya kanvasi, paleti ya plastiki ya kuchanganyia rangi, kichupa cha tapentaini ya kuzimulia rangi za mafuta na kijitabu cha maelekezo. Kampuni siitaji, maana makasha ya namna hii yamejaa na yanafanana kama mapacha.

Mimi nachora matunda tu. Hayachoki kukaa, hayaombi kuona picha katikati ya kazi, na chumba changu huku juu ya mawe ya Igogo kina nafasi ya meza moja ndogo dirishani. Majirani wakiona brashi huuliza kama nachora picha za mtindo wa tingatinga. Nawajibu hapana, ila mzee Tingatinga mwenyewe namkumbuka, kwa sababu nitakayoifikia.

Nianze na kijitabu. Kinafungua na matofaa, kinafuatisha zabibu, kinamalizia na machungwa. Na chungwa lake ni la rangi ya chungwa! Sasa nenda Kirumba, pale mwaloni, uangalie machungwa ya Ukerewe yanaposhushwa. Ni ya kijani yenye umanjano, mengine yana mabaka kama ramani, na ndani yameiva kabisa. Ganda la chungwa hupoteza ukijani wake usiku unapokuwa wa baridi, na visiwani baridi hiyo haipo. Kwa hiyo tyubu iitwayo rangi ya chungwa haikupata hata chungwa moja la kuchora kwangu. Niliitumia kwenye papai.

Mama mmoja anayeuza pale aliniona nachambua tunda mojamoja.

"Mwanangu, chukua haya ya huku, ndiyo matamu."

"Mama, leo sitafuti utamu, natafuta sura."

Akanitazama. Akachukua chungwa, akalifuta kwa kanga yake, akalizungusha mpaka baka likaja mbele. "Basi mrembo wako huyu hapa."

Kumchora mrembo huyo kulinipotezea siku mbili. Kijani cha kwenye kasha ni kikali na cha baridi, kijani cha jezi ya Yanga, na mimi ni wa Msimbazi, kwa hiyo tangu mwanzo hatukuelewana. Nikikipunguza kwa njano kinageuka majani ya mgomba. Kilichoniokoa ni kosa. Nilitaka kuweka kivuli kwa rangi nyeusi, kama kijitabu kinavyoagiza, brashi ikagusa njano ya limau iliyokuwa bado mbichi, pakatokea kijani kizito chenye vumbi kidogo. Ndicho chenyewe! Njano ya limau na tone la nyeusi, basi, chungwa la Ukerewe limekaa mezani. Kivuli chake sasa nakifanya kwa bluu na kahawia.

Rangi za maji zenyewe nazipa alama nzuri. Zimeshikiliwa na gundi ya mti wa jamii ya migunga, ile inayotoka kwa wingi Sudan, na ukizilowanisha zinaamka haraka bila kuacha chenga. Embe dodo nalichora hivi: natandaza njano yenye maji mengi, naacha kipande cha karatasi tupu pale linapong'aa, kisha kabla njano haijakauka nadondosha nyekundu begani. Nyekundu inatembea yenyewe, wewe unatazama tu. Ila mwezi wa saba na wa nane, hewa ikiwa kavu na upepo unapuliza, una dakika chache kabla mstari mgumu haujakukatiza embe katikati. Nikahamishia kazi asubuhi mapema, upepo ukiwa bado umelala.

Karatasi ndiyo iliyoniudhi. Ni ya gramu 180 kwa mita ya mraba, na ukiipiga maji inajikunja kama chapati iliyoachwa jikoni bila kufunikwa. Ukirudia brashi mara tatu mahali pamoja inatoa vinyweleo. Nilinunua karatasi tano za gramu 300 zenye pamba, kwa bei iliyoniuma, nikazibandika kwenye ubao kwa gundi ya karatasi pande zote nne, na rangi zilezile zikaonekana za mtu mwingine. Nusu ya makosa niliyokuwa najilaumu nayo yalikuwa ya karatasi.

Kasoro nyingine ilijificha. Nilipaka kipande kwa kila rangi, nikafunika nusu kwa kadibodi, nikakiacha kwenye dirisha linalotazama ziwani, jua la jioni linapopiga. Baada ya miezi mitatu nyingi zilikuwa salama, lakini ya waridi upande wa jua ilibaki kama juisi iliyoongezwa maji. Kwenye kibandiko hakuna namba ya kutambulisha unga wa rangi, zile kama PB29 ya bluu ya ultramarini, kwa hiyo huna namna ya kujua kabla hujanunua.

Twende kwenye mafuta, huko ndiko kuna mambo.

Rangi ya mafuta haikauki kama maji. Mafuta ya kitani yaliyomo ndani yake yanavuta oksijeni na kuwa magumu taratibu, na tabaka la juu lazima liwe na mafuta zaidi kuliko la chini, la sivyo picha inapasuka. Kahawia ya udongo ilishikika baada ya siku mbili tatu, nyeupe ikachukua zaidi ya wiki. Tunda halisubiri hivyo. Papai nililolikata asubuhi lilikuwa limenyauka midomo kufika mchana, na parachichi lilishakuwa jeusi. Sasa matunda ya kukatwa nayafanya kwa maji, na mafuta nawaachia wanaovumilia: ndimu, fenesi, nanasi. Nanasi ndilo tunda la mafuta hasa. Unatanguliza kahawia nzito, kisha unapanda jicho moja moja kuelekea mwanga. Hesabu mistari ya macho yake inavyopinda: upande huu kwa kawaida 8, upande wa pili 13. Nilipoipuuza hesabu hiyo, nanasi langu lilitoka kama kobe.

Vibao viwili viliisha wiki ya kwanza. Hapo ndipo nikamkumbuka Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi. Nami nikaenda kununua hadibodi, nikaikata, nikaipiga msasa na kuipaka matabaka mawili ya rangi nyeupe ya maji ya ukutani. Inashika vizuri kuliko vibao vya kasha.

Kichupa cha tapentaini nacho kiliisha. Dukani wanakouza vifaa vya ujenzi kijana akanipa thina, akaapa kwamba ni kitu kilekile. Nilipoimimina kwenye paleti ya plastiki ikalainika, ikashikana na meza. Leo natumia sahani ya udongo. Pia matambara yenye mafuta ya kitani usiyarundike: yanapata joto yenyewe na yanaweza kuwaka. Mimi nayaanika yamekunjuliwa mpaka yakauke.

Halafu usiku mmoja nikasahau dirisha wazi na taa inawaka, nanasi likiwa bichi. Vijidudu vya ziwani viliingia kama moshi. Asubuhi nanasi lilikuwa na ndevu. Nilivitoa kwa kibano kimoja kimoja, vingine vimo hadi leo chini ya rangi, na mgeni mmoja alisifu jinsi nilivyopata ukwaruzo wa ganda. Sikumsahihisha.

Brashi ngumu za mafuta zipo sawa. Laini nne kati ya sita zimeshamwaga nywele.

Ningelinunua tena? Hapana. Kwa 85,000 ningechukua njano mbili, nyekundu moja ya moto, bluu ya ultramarini, kahawia na nyeusi, kisha salio lote liende kwenye karatasi nzuri na tyubu kubwa ya nyeupe. Waliopanga kasha hili wametoa nyeupe sawa na rangi nyingine, mililita 12, wakati inaingia karibu kila mchanganyiko wa mafuta. Yangu ilikwisha kabla ya nanasi la pili. Nimeagiza ya mililita 200, muuzaji anasema ilipakiwa jana jioni, kwa hiyo leo tena ni safari ya Nyegezi. Nanasi limeanza kunukia.