Simu ya mtumba ya kujaribia programu: ukiwa Kigoma, anza na ipi?

Mama mmoja muuza dagaa pale Kibirizi alinirudishia simu akasema, "Mwanangu, mbona nyeupe tu?" Programu ya kuandikia mauzo niliyomwekea ilifanya kazi vizuri kabisa kwenye kompyuta yangu. Kwenye simu yake ya Android 8 ukurasa ulikuwa mweupe pe. Kumbe Chrome yake ilikuwa bado toleo la 74, maana hasasishi kitu. Bando lake ni la kupokea oda WhatsApp. Nami nilikuwa nimeandika alama ya ?. ya JavaScript, lugha ya kuandikia programu za kivinjari, ambayo Chrome inaielewa kuanzia toleo la 80 la mwaka 2020. Alama moja tu isipoeleweka, faili zima halisomwi.

Tangu siku hiyo, nikinunua simu ya kujaribia naanza na WebView, kile kivinjari kilichojificha ndani ya programu tunazotengeneza kwa Cordova au Capacitor, zana za kugeuza kurasa za wavuti kuwa programu za simu. Kamera na rangi baadaye.

Nafasi ya kwanza naipa Android 8 au 9 ya mtumba, yenye RAM ya GB 2. Wateja wetu wengi wa mwaloni wanashika simu za aina hiyo, na ndizo zinazofichua makosa. Kwenye Android 7 hadi 9, Chrome ndiyo inayofanya kazi ya WebView, na kwa Android 8 na 9 toleo la mwisho ni la 138 la mwaka 2025. Uzuri wake mwingine: ingia kwenye mipangilio ya simu, fungua Chrome kwenye orodha ya programu, ondoa masasisho, na simu inarudi kwenye toleo la kiwandani. Jaribu programu yako hapo, kisha sasisha ujaribu tena. Simu moja imekupa umri mbili. Zima usasishaji wa moja kwa moja Play Store, la sivyo Chrome itapanda toleo usiku ukiwa umelala.

Ya pili ni iPhone 8, lakini kama tu unayo Mac, kompyuta ya Apple, au mwenzio anakuazima. Bila Mac huwezi kujenga programu ya iPhone kwenye meza yako wala kuona makosa yake. WebView ya iPhone husasishwa pamoja na iOS yenyewe, na iPhone 8 inaishia iOS 16. iPhone 7 inaishia 15. Hakikisha akaunti ya mwenye simu wa kwanza imeondolewa mbele ya macho yako. Na kumbuka Apple wanatoza dola 99 kila mwaka ili uweke programu dukani kwao, Google dola 25 mara moja.

Android mpya ya bei naiweka ya tatu. Kila kitu kitafanya kazi, kwa hiyo haitakufundisha mengi.

Kujaribia kwenye kivinjari cha kompyuta ni bure, lakini nakiweka mwisho, na sababu ni plagini, vile vipande vinavyoiunganisha programu na vifaa vya simu kama kamera. Plagini ya kamera ina upande wa JavaScript unaoita, na upande wa Kotlin (lugha ya Android) au Swift (ya iPhone) unaofungua kamera yenyewe. Aliyeiandika asipoweka upande wa kivinjari, kwenye kompyuta haijibu. Akiuweka, kompyuta hutumia huo, na kamera ya simu hujaigusa hata kidogo.

Ukienda madukani Mwanga, hapa Kigoma, beba kompyuta na waya wako wa USB, kwa sababu nyaya nyingi za dukani zinachaji tu, hazipitishi data. Bonyeza *#06# ulinganishe IMEI, namba ya utambulisho wa simu, na ile ya kwenye boksi. Kwenye mipangilio ya simu, washa sehemu ya wasanidi kwa kugonga nambari ya muundo mara 7, ruhusu utatuzi wa USB, fungua chrome://inspect kwenye kompyuta, kisha tikisa waya kidogo pale unapoingia. Jina la simu likipotea na kurudi, tundu limelegea. Mwombe muuzaji akupe nyingine.