Lwiro: jumba la Wabelgiji ambalo bado ni biro

Anayekwenda Lwiro, huko Kivu Kusini nchini Kongo, akitafuta makumbusho yenye tiketi mlangoni atarudi Bukavu akilalamika. Lwiro ni mahali pa kazi: watafiti wa CRSN, kituo cha utafiti wa sayansi za asili, wanaingia humo kila asubuhi, na mgeni anapokelewa katikati ya shughuli zao. Ukilijua hilo mapema, hakuna matembezi ya siku moja kutoka Bukavu yanayoishinda.

Njia ni ile ya Goma inayofuata ziwa Kivu, kama kilomita 45. Unapita Mudaka, Miti na Kavumu, halafu unaacha barabara kubwa na kukata kushoto kuelekea milima ya Kahuzi. Magari ya abiria ya Katana yanakushusha njia panda. Kutoka hapo ni pikipiki. Patana bei ya kwenda na kurudi kwa pamoja, maana jioni pikipiki kule juu ni za kutafuta. Kipande hicho cha udongo ndicho kinachoharibu safari za wengi: kuanzia Septemba hadi Mei mvua hupenda kushuka mchana, na udongo ukilowa, pikipiki yenye watu wawili inateleza kwenye mpando. Toka mjini saa moja asubuhi, saa nane uwe umeshaanza kushuka. Tena, tangu vita vilipofika Kavumu na Bukavu Februari 2025, hali ya barabara inabadilika. Uliza asubuhi ile ile, usitegemee habari za wiki iliyopita, na kitambulisho kiwe mfukoni.

Nenda siku ya kazi. Jumamosi na Jumapili utaona kuta na bustani tu, kwa sababu wenye funguo za vyumba wako kwao. Andika barua fupi kwa uongozi wa kituo siku chache kabla, useme ni nani anakuja, wangapi, na wanataka kuona nini. Picha uziombee ruhusa humo humo kwenye barua. Ukianza kupiga picha bila ruhusa mtabishana hadi saa sita.

Jumba lenyewe lilijengwa kwa ajili ya IRSAC, taasisi ya utafiti ambayo Wabelgiji waliianzisha mwaka 1947 chini ya daktari Louis van den Berghe. Walijenga kwa mkono mkubwa. Ukitoka kwenye nyumba za vijiji vya Kabare na kukuta majengo yale kando ya bustani zake, swali linakuja lenyewe: fedha hizi zote zilikuwa za nani? Muulize anayekutembeza. Wazee wa pale wana majibu yao, na yana uzito kuliko sifa za usanifu.

Usikimbilie nje. Omba uonyeshwe maktaba, kisha chumba cha wanyama waliohifadhiwa, na hapo ukae. Vuta droo moja ya ndege taratibu: wamelala chali, pamba mahali pa macho, na kila mguu umefungwa kikaratasi chenye jina, mahali na tarehe kwa mwandiko wa mkono. Kikaratasi hicho ndicho mali. Ndege asiye nacho ni manyoya tu kwa mtafiti, kwa hiyo usikishike. Nyoka na samaki wako kwenye chupa. Ukiona chupa ambayo maji yake yameshuka, ujue pombe imepita kwenye kifuniko kilichochoka, na mnyama akibaki juu ya pombe anakauka na kuharibika. Adui wa vitabu ni unyevu wa Kivu. Ukosefu wa fedha unaonekana kwa macho, na hapo ndipo sifa za Lwiro zinapopungua. Umeme nao ukikatika, vyumba vya ndani ni giza, beba tochi.

Kwenye eneo hilo hilo kuna kituo cha sokwe na nyani yatima, kilichofunguliwa mwaka 2002 pamoja na ICCN, taasisi ya Kongo ya kuhifadhi maumbile. Ruhusa yake inaombwa kivyake. Mwenye mafua asiende, kwani sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu ya kifua, na barakoa si mapambo. Sokwe akianza kurusha mawe, rudi nyuma bila kucheka. Masokwe makubwa (gorila) ya hifadhi ya Kahuzi-Biega ni safari nyingine kabisa: wanaoyafuata wanaanzia Tshivanga, kituo cha hifadhi hiyo, asubuhi, na kuunganisha na Lwiro siku hiyo hiyo ni kujichosha bure.

Malipo yaulizwe kabla ya kuanza kutembea, na uombe karatasi ya malipo. Beba franga ndogo ndogo. Dola iliyopasuka hata kidogo pembeni haitapokelewa. Chakula usitegemee kukikuta kule. Bebeni maji na mkate, na mkishuka Kavumu muulizie sambaza, samaki wadogo wa ziwa, za kukaanga kwa bugali.