Sanduku Gumu la Safari: Plastiki Ipi Itangulie

Ganda la sanduku la safari hupasuka pale ufa mdogo ulioanzia kwenye kona unapokosa kitu cha kuuzuia. Ndiyo maana, katika orodha hii, nimetanguliza mpangilio wa ndani wa plastiki kuliko unene wake.

Nafasi ya kwanza naipa polipropilini iliyoimarishwa kwa nyuzi za polipropilini hiyohiyo. Tepu zake huvutwa hadi molekuli zielekee upande mmoja, kisha hufumwa na kubanwa kwa joto, hivyo ufa hulazimika kukata au kung'oa nyuzi na kishindo huishia humo. Ni ghali, lakini ni nyepesi na hustahimili baridi. Polikaboneti safi inafuata: hubonyea na kurudi, ingawa hudhoofishwa na mikwaruzo yenye ncha kali na baadhi ya viyeyushi.

Ya tatu ni mchanganyiko wa polikaboneti na ABS (plastiki ngumu iliyotiwa mpira), na kwa wanunuzi wengi ndiyo ninayoipendekeza, kwa kuwa ni nafuu kuliko polikaboneti safi na haidhuriki upesi kwa mikwaruzo. Siri yake imo katika ABS, ambamo chembe za mpira, nyingi zikiwa na kipenyo cha kati ya mikromita 0.1 na 1 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), zimetawanywa ndani ya plastiki ngumu inayovunjika kirahisi. Sanduku linapoanguka, chembe hizo hufunguka vishimo kwa ndani, plastiki inayozizunguka hupata nafasi ya kunyumbuka, na nguvu ambayo ingelisukuma ufa mmoja mkubwa hugawanyika mahali pengi. Weupe unaoonekana kwenye kona iliyokunjwa ni alama ya kazi hiyo. Chembe zikirundikana, au zisiposhikamana na plastiki inayozizunguka, faida hiyo hupungua sana hata kama kiasi cha mpira ni kilekile.

ABS pekee ni ya nne. Inafaa kwa safari chache, ila isiachwe juani, kwa kuwa mionzi ya jua huharibu mpira wake.

Nimeweka mwisho plastiki iliyorejelezwa kwa kuchanganya polithini na polipropilini bila kiunganishi, yaani kiongezo cha kuzishikamanisha. Hizi mbili hujitenga, na ufa hufuata mpaka kati yao. Kikiwepo kiunganishi kizuri, hukumu hii haihusiki; basi muulize muuzaji, na ukiona ukingo uliokatwa unabanduka kwa matabaka, usinunue.