Darasa la kiingereza la jioni Ng'ambo, Unguja: elfu 30 yangu imelipwa na neno moja tu, uncle

Niliahidi ntaandika nikimaliza miezi mitatu, nimemaliza juzi, haya basi. Jina la kituo silitaji maana kuna kitu ntalalamika huko chini na sitaki ugomvi na mtu. Ada 30,000 kwa mwezi, Jumatatu mpaka Alhamisi, mnaanza mkishasali laasiri mnatoka magharibi inakaribia. Viti havitoshi, feni ziko mbili, moja inafanya kazi na nyengine inazunguka ikipenda yenyewe, ukichelewa unasimama dirishani na daftari mkononi kama unasubiri daladala.

Mie natembeza wageni, Mji Mkongwe, mashamba ya viungo, msitu wa Jozani. Kiingereza changu cha kuokota barabarani na nilikuwa najiona mjuzi. Kilonipeleka darasani ni misiba. Ndani ya mwaka mmoja nimefiwa mara tatu, kwanza ami yangu, kaka yake baba, kule Wete Pemba, halafu mjomba Makunduchi, halafu binamu yake baba hapa Fuoni ambaye sisi tangu wadogo tunamwita ami na hakuna alowahi kutwambia kuwa si ami. Mara zote tatu nimemtumia bosi meseji ileile, my uncle died, naomba siku mbili. Ya tatu akanijibu how many uncles do you have. Mie nikajua ananipa pole kwa kuuliza habari za ukoo, nikamjibu kwa moyo safi kumi na moja, na wa Pemba sijamaliza kuwahesabu. Nikakatwa siku mbili za mshahara 😂

Sasa wiki ya nne tukafika somo la familia. Tunauziwa karatasi za fotokopi pale kituoni, 5,000, zimeandikwa uncle ni mjomba, aunt ni shangazi, cousin ni binamu, basi, maliza. Mwalimu wetu akaichukua ile karatasi akaitizama kidogo akasema futeni yote. Akachora mti wa ukoo ubaoni, na wallahi saa mbili nzima tuko kwenye neno moja, wengine nyuma wananung'unika yakhe tumekuja kujua kusema hatukuja kusoma historia, lakini kwangu mie ile ndo siku nilopata haki ya pesa yangu.

Kumbe Mngereza kwake uncle ni kapu. Kaka yake mama ni uncle, kaka yake baba ni uncle, mdogo wake baba ni uncle, mume wa shangazi ni uncle na mume wa mama mdogo pia uncle, wote humo humo. Sisi mjomba ni wa upande wa mama tu, wa upande wa baba ni ami au baba mdogo au baba mkubwa, na huwezi kuwachanganya maana hata mambo ya mirathi na uwalii wa ndoa ya dada yako yanataka ujue nani ni nani. Ami neno la kiarabu, na hata binamu limetoka hukohuko, bin ami, mtoto wa ami, ila siku hizi tunampa yeyote.

Lilonishangaza, Waingereza nao zamani walikuwa kama sisi! Walikuwa na eam kwa mjomba na fædera kwa ami, maneno mawili mbali mbali. Wakaja Wafaransa wa Normandy wakaiteka Uingereza mwaka 1066, kifaransa kikatawala, taratibu oncle yao ikawa uncle na yale mawili yakafa. Na hiyo oncle yenyewe kwa asili imetoka kilatini, avunculus, maana yake kaka yake mama, yani mjomba khasa, ami alikuwa na neno lake patruus. Kwa hiyo ile karatasi ya 5,000 ingekuwa sahihi kama tungekuwa tunaongea na Warumi.

Dawa alotupa ni nyepesi, ukitaka kueleweka sema my mother's brother au my father's brother, au maternal uncle na paternal uncle ikiwa unajaza fomu. Na herufi kubwa weka pale linapokaa na jina tu, Uncle Juma, lakini my uncle ni ndogo. Upande wa pili sisi ndo wenye kapu, mpwa wetu mmoja wao wanamgawa, nephew wa kiume niece wa kike, na mtoto wa kaka yangu ambaye mie namwita mwanangu, kwao naye ni nephew au niece tu.

Halafu mkono ukanyooka kuuliza, wangu. Maana kuna siku nilikuwa na mzee Mmarekani mweusi, mtu mzima mwenye heshima zake, tumesimama Mkunazini pale penye kanisa palipokuwa soko la watumwa, nikamwambia kwa adabu kabisa come this way uncle. Kama nnavyomwambia mzee yeyote hapa mtaani, pita huku ami. Yule mzee akanyamaza, akanitizama, mpaka tunamaliza ziara hakunambia zaidi ya thank you. Miezi sijui nilikosa nini. Mwalimu akaweka chaki chini akatweleza, Marekani ya kusini wakati wa utumwa na miaka mingi baada yake wazungu walikuwa hawataki kumwita mzee mweusi Mister, kwa hiyo wanamwita uncle, na mwanamke aunt au auntie, kumnyima heshima kwa neno linalosikika kama upole. Nilihisi baridi na feni yenyewe ilikuwa imesimama. Na mie nimelitamka pale, mahali pale. Siku hizi nasema sir, kwa kila mtu.

Mengine yalikuwa ya kuchekesha. Say uncle kwa Wamarekani ni kumwambia mtu kubali umeshindwa, Bob's your uncle kwa Waingereza ni basi imekwisha hiyo, na Uncle Sam ni serikali ya Marekani, inasemwa jina limetokana na Samuel Wilson, mchuuzi wa nyama wa Troy, New York, alopeleka mapipa ya nyama jeshini vita vya 1812 yakiwa na alama U.S., na 1961 bunge lao likamtambua rasmi. Na kuna bibi mmoja Jozani alowaona kima punju akasema well I'll be a monkey's uncle, nikacheka tu kwa heshima, kumbe anashangaa hamtukani mtu.

Malalamiko yangu sasa. Karatasi bado zinauzwa vilevile, juzi nimemnunulia mdogo wangu anaanza, uncle ni mjomba, hakuna alogusa kitu, na mwalimu keshawaambia. Jamani peni shilingi ngapi? Cheti nacho nimeandikiwa jina la baba kimakosa, wamesema nirudi wiki ijayo, nimerudi, wamesema wiki ijayo. Mwalimu nampa kumi juu ya kumi, ofisi nne.

Wiki ilopita nimemuomba bosi ruhusa ya hitma, nikaandika my father's brother, one year. Kajibu ok, is this the Wete one?